Mapunye Hayaponi kwa Kupaka

Mchana wanafunzi wa shule za msingi wanapotoka madarasani, simama kando ya barabara yoyote, iwe Mbagala, Igoma, Korogwe au Tunduma, utazame vichwa vinavyopita. Vingi vimenyolewa, maana ndivyo shule zetu za serikali zinavyotaka, kwa wavulana na wasichana. Kichwa kilichonyolewa hakifichi kitu. Utaona duara la kijivu lenye magamba juu ya paji, jingine utosini, jingine nyuma ya sikio. Kichwa kimoja kimepakwa dawa ya zambarau. Kingine kinang'aa mafuta. Kingine kina unga mweupe uliogandana na jasho.

Mimi huviona kila wiki, na kinachoniumiza zaidi ni ile rangi ya zambarau. Inanionyesha kwamba kuna mama au baba aliyeuona ugonjwa, akatoa hela mfukoni, akakaa jioni na mwanawe kumpaka. Hakuzembea. Lakini kazi yake yote imekwenda bure, kwa sababu mapunye hayatibiwi kwa kupaka. Dawa ya mapunye humezwa. Ipo, inajulikana, na imetumika duniani kwa zaidi ya miaka sitini. Kama watoto wetu bado wanaugua miezi na miaka, basi tatizo si uchafu wao wala uzembe wa wazazi wao. Tatizo ni kwamba habari hii ndogo haijafika nyumbani, dukani, shuleni, na wakati mwingine hata zahanati.

Kinachoendelea chini ya ngozi

Mapunye ni ugonjwa wa fangasi. Wengine huita choa cha kichwani, na majirani zetu Wakenya husema mashilingi. Fangasi hawa hula keratini, ile protini inayojenga nywele, kucha na tabaka la juu la ngozi. Hutua kwenye ngozi ya kichwa, huingia kwenye unywele, kisha huteremka nao hadi kwenye kishimo unamoota. Huko chini krimu haifiki. Ukipaka, utaua waliopo juu, magamba yatapungua, muwasho utatulia, na baada ya wiki chache duara litarudi palepale au litahamia pembeni. Mkulima aliyewahi kupambana na ndago shambani ananielewa: ukifyeka majani ukaacha viazi vyake ardhini, umejitafutia kazi ya msimu ujao.

Kidonge kinakwenda kwa njia nyingine. Dawa huingia kwenye damu, hufika kwenye mzizi wa unywele, na unywele mpya huota ukiwa na kinga yake. Ndiyo maana matibabu huchukua wiki nyingi. Tunasubiri unywele mpya uote na ule wenye ugonjwa utoke, na unywele hauharakishwi.

Kwa nini watoto? Ugonjwa huu huwapata hasa wenye umri wa miaka mitatu hadi kumi na miwili hivi. Mtoto akibalehe, mafuta ya asili ya ngozi ya kichwa hubadilika na kuwa kizuizi kwa fangasi hawa. Kwa hiyo mzazi anayesema "atakua nayo yatakwisha" hajakosea kabisa. Lakini kati ya leo na siku hiyo ya kubalehe kuna miaka ya kujikuna, kuchekwa, kuambukiza wadogo zake, na pengine kubaki na upara usiofutika. Je, kuna ugonjwa gani mwingine unaotibika ambao tungemwambia mtoto wa darasa la pili ausubiri hadi la saba?

Jinsi ya kuyatambua

Dalili zenyewe si ngumu. Duara lenye magamba, nywele zimekatika au zimenyonyoka, muwasho. Mara nyingine nywele hukatikia usawa wa ngozi na kuacha vidoa vyeusi, kama mtu amechovya ncha ya kalamu hapa na pale. Hii ni ishara ya aina ya fangasi wanaoishi ndani ya unywele, ambao ni wa kawaida sana Afrika Mashariki. Pitisha vidole nyuma ya shingo na kisogoni: tezi zilizovimba zikikutana na magamba kichwani, una sababu kubwa ya kushuku mapunye.

Kuna watoto ambao ugonjwa hauji kwa duara. Unakuja kwa magamba membamba yaliyotapakaa kichwa kizima, na hapo wazazi husema ni mba. Jambo hili linahitaji mkazo. Mba halisi ni ugonjwa wa watu wazima na vijana waliobalehe. Watoto wachanga nao huwa na ukoko wao wa kichwani unaoisha wenyewe. Katikati ya umri huo mba ni nadra. Mtoto wa miaka saba mwenye "mba" isiyokwisha ahesabiwe kuwa ana mapunye mpaka mtaalamu aseme vinginevyo.

Kinyume chake nacho kipo. Duara laini, lisilo na gamba wala muwasho, lililonyonyoka ghafla, mara nyingi si fangasi. Ni kinga ya mwili inayoshambulia mizizi ya nywele. Nywele zinazopungua kwenye paji na pembeni mwa uso wa msichana anayesukwa rasta nzito kila wiki zinavutwa na msusi. Vipele vigumu kisogoni kwa mwanamume mtu mzima, ambavyo wengi humlaumu kinyozi kwa "fangasi", mara nyingi ni nywele zilizokatwa fupi mno zikaichokoza ngozi. Hawa wote wakimeza dawa ya fangasi hawapati lolote. Mtu mzima mwenye magamba mazito yanayokataa shampuu akapimwe pia Virusi vya UKIMWI, maana ngozi ya kichwa ni moja ya sehemu ambazo kinga iliyoshuka hujionyesha mapema.

Kwenye maabara kipimo chenyewe ni rahisi: magamba na nywele chache hukwanguliwa, huwekewa dawa ya kuyeyusha ngozi, kisha hutazamwa kwenye hadubini. Hadubini ileile inayotafuta vimelea vya malaria. Taa maalumu ya kumulika fangasi husaidia kwa baadhi yao tu. Wale wanaojificha ndani ya unywele hawang'ai chini yake, kwa hiyo taa isipoonyesha kitu si cheti cha uzima.

Jipu ambalo si jipu

Aina moja ya mapunye naililia kwa namna ya pekee. Kinga ya mtoto huamka kwa hasira dhidi ya fangasi, sehemu ya kichwa inavimba, inakuwa laini kama chini yake kuna maji, inatoa usaha, nywele zinang'oka kwa kuguswa, na mtoto anapata homa. Yeyote akiona atasema jipu. Na jipu, tunavyojua, hupasuliwa.

Mtoto huyu anapelekwa kukatwa. Anapewa sindano au vidonge vya kuua bakteria. Haponi vizuri, kwa sababu mzizi wa tatizo haujaguswa, na kila siku inayopita mizizi ya nywele inakufa na nafasi yake inachukuliwa na kovu. Pale penye kovu unywele hauoti tena, milele. Msichana atavaa kitambaa kuficha kovu lile hadi siku ya harusi yake, na baada yake. Alichohitaji ni kidonge cha fangasi kwa wiki kadhaa, na wakati mwingine dawa nyingine ambazo daktari huamua baada ya kuona. Mzazi, uvimbe wenye usaha kwenye kichwa cha mtoto aliyekuwa na mapunye, au anayeishi na wenye mapunye, usikubali upasuliwe kabla ya kuuliza: "Daktari, hii haiwezi kuwa fangasi?" Swali hilo si utovu wa adabu.

Hela zinazopotea dukani

Sasa tufuate safari ya familia ya kawaida. Mtoto anajikuna. Bibi anasugua kitunguu saumu au ndimu. Jirani anashauri utomvu wa papai bichi. Wapo waliofika mbali zaidi, wakapaka mafuta ya taa, au maji ya betri ambayo ni tindikali ya kuunguza ngozi ya mtoto. Ngozi inaungua, duara linageuka kidonda, na bado fangasi wapo kwenye mizizi.

Kisha duka la dawa. Kwa Mtanzania wa kipato cha chini muuzaji wa duka la dawa ndiye daktari wa kwanza, na simlaumu anayekwenda kwake. Pako karibu, hakuna foleni, na anasikilizwa. Lakini anachouziwa mara nyingi ni mrija wa krimu yenye mchanganyiko wa dawa tatu: ya fangasi, ya bakteria, na steroidi. Steroidi hutuliza muwasho na kufuta wekundu ndani ya siku chache, mama anafurahi. Chini yake inapunguza kinga ya ngozi, na fangasi wanatanuka bila kelele. Baada ya mwezi ugonjwa umerudi ukiwa na sura iliyopotoka hata mtaalamu anapata shida kuutambua. Mrija wa pili unanunuliwa. Wa tatu. Rahisi ni ghali, walisema wahenga, na ukijumlisha mirija ile ya mwaka mzima utaona kwamba familia imelipa hela ya tiba kamili bila kuipata tiba.

Wapo wanaouziwa vidonge, lakini vya ketokonazoli. Wazazi wajue kwamba Julai 2013 wasimamizi wa dawa wa Ulaya na Marekani walichukua hatua kali dhidi ya vidonge hivyo, kwa sababu vinaweza kuliumiza ini vibaya. Shampuu ya ketokonazoli haina shida hiyo na ina kazi yake, kama nitakavyoeleza. Vidonge vyake visipewe mtoto kwa ajili ya mapunye wakati dawa salama zaidi zipo.

Dawa hizo ni mbili zinazojulikana zaidi. Ya kwanza, griseofalvini, iligunduliwa London mwaka 1939 kutoka kwenye ukungu wa jamii ileile iliyotupa penisilini, na ikaanza kutibu binadamu mwaka 1958. Imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Mtoto huimeza kila siku kwa wiki sita hadi nane, mara nyingine zaidi, kwa kipimo kinachotokana na uzito wake. Humezwa na chakula chenye mafuta, kwani bila mafuta sehemu kubwa hupita tumboni bila kuingia mwilini: maziwa, karanga, parachichi, au wali wa nazi, vyote vinafaa. Mjamzito haruhusiwi kuitumia. Ya pili ni tabinafini, ambayo huchukua takriban wiki nne na hufanya vizuri hasa kwa fangasi wale wanaojificha ndani ya unywele. Ipi itumike, na kwa kiasi gani, ni uamuzi wa mhudumu wa afya aliyempima mtoto uzito.

Wanapoanguka wengi ni hapa: wiki ya pili muwasho umekwisha, karatasi ya vidonge imekwisha, hela nayo imekwisha. Mtoto anaonekana amepona, dawa inaachwa. Hajapona. Afadhali mzazi aambiwe siku ya kwanza gharama ya wiki zote, ajipange, kuliko kuanza kwa nguvu na kuishia njiani.

Tulikotoka

Wanaodhani mapunye ni jambo dogo wakumbuke jinsi dunia ilivyoyatibu kabla ya kidonge. Kuanzia mwaka 1904, kwa utaratibu ulioanzishwa na daktari Raymond Sabouraud wa Hospitali ya Saint-Louis, Paris, watoto walimulikwa vichwa kwa eksirei ili nywele zote zing'oke pamoja na fangasi. Njia hiyo ikaenea nchi nyingi. Israeli, katika miaka ya mwanzo ya taifa hilo, maelfu ya watoto wa wahamiaji, wengi wao kutoka Afrika Kaskazini na Mashariki ya Kati, walimulikwa hivyo. Miaka mingi baadaye watafiti waligundua kwamba waliomulikwa walipata uvimbe wa ubongo na saratani ya tezi ya shingo zaidi kuliko wenzao, na mwaka 1994 nchi hiyo ikatunga sheria ya kuwalipa fidia. Wazazi wa zama zile walikabidhi vichwa vya watoto wao kwa mionzi kwa sababu hapakuwa na kidonge. Sisi kidonge tunacho. Tutajitetea vipi?

Mashine moja, vichwa mia

Tukubali kwamba sheria ya kunyoa imeleta jukumu. Shule ikiagiza wanafunzi wote wanyolewe, mwisho wa juma vibanda vya vinyozi hujaa watoto. Mashine moja inatoka kichwa hadi kichwa. Meno yake hukwangua ngozi kidogo kidogo, na vinyweleo vyenye ugonjwa hubaki vimenasa katikati yake. Kinyozi anapitisha pamba yenye spiriti sekunde mbili, anaita mwingine.

Simchukulii kinyozi kama adui. Ni kijana anayejitafutia riziki, na hakuna aliyemfundisha. Spiriti haifanyi kazi juu ya mashine iliyojaa nywele. Kwanza nywele zote zitolewe kwa brashi, kisha spiriti ilowanishe meno kweli na iachwe ikauke yenyewe. Awe na mashine mbili, moja ipumzike na dawa huku nyingine ikifanya kazi. Maofisa afya wa kata wanaokagua migahawa wanaweza kukagua na vibanda hivi, wakaenda kufundisha kabla ya kutoza faini. Na familia inayoweza, inunue mashine yake au watoto wanyolewe kwa mkasi nyumbani. Mtoto mwenye mapunye asimamishwe kunyolewa kwenye mashine ya wote hadi tiba ianze kushika.

Nyumbani nako kuna kazi. Kitana kimoja cha watoto watano, kofia ya shule inayoazimwa, mtandio unaobadilishana vichwa, foronya wanayolalia watatu: zote ni njia. Vifuliwe kwa maji ya moto, vianikwe juani, kila mtoto apewe chake. Hapa ndipo shampuu ya ketokonazoli au ya seleniamu ina kazi yake, mara mbili kwa wiki, kwa mgonjwa na kwa wanaoishi naye, ili kupunguza mbegu za fangasi zinazodondoka. Haiponyi peke yake, inapunguza kuambukiza. Tena paka anayenyonyoka manyoya na kulala na watoto atazamwe, kwa kuwa baadhi ya fangasi hawa hutoka kwake. Wafugaji watazame ndama.

Kidole kimoja hakivunji chawa. Kumtibu mtoto mmoja katika nyumba yenye watoto wanne, bila kuwatazama wengine, ni kumpa nafuu ya mwezi mmoja. Wengine hubeba fangasi kichwani bila dalili yoyote. Siku anayokwenda zahanati waende wote.

Mwalimu na halmashauri

Kila Jumatatu walimu wetu hukagua usafi mstarini: kucha, sare, nywele. Hakuna mtaalamu nchini anayetazama vichwa vingi vya watoto kama wao. Lakini ukaguzi huo mara nyingi huishia kwa karipio au kwa mtoto kurudishwa nyumbani "mpaka apone". Arudi lini, ikiwa tiba ni wiki nane? Atakosa muhula. Mtoto aliyekwisha kuanza dawa na kufunika kichwa anaweza kukaa darasani na wenzake. Mwalimu wa afya aandike majina, amwite mzazi kwa siri, ampe barua ya kwenda zahanati. Asimtaje mtoto mbele ya mstari. Aliyewahi kuitwa "mapunye" kama jina darasani hasahau, hata akiwa mtu mzima.

Na zahanati je? Sera yetu inawasamehe gharama watoto walio chini ya miaka mitano. Ni sera njema. Lakini mapunye huwakuta wengi baada ya umri huo, wanapoanza shule, pale hasa msamaha unapokoma. Familia yenye watoto watatu wagonjwa, kila mmoja akihitaji dawa ya wiki nane, hukaa ikahesabu kati ya vidonge na unga. Inachagua unga, na mimi siwezi kuilaumu. Ndiyo maana nasema halmashauri ziagize griseofalvini ya kutosha na zitibu shule nzima kwa pamoja, kama tunavyogawa dawa za minyoo na kichocho mashuleni. Wataalamu tunao: kwenye hospitali ya KCMC, Moshi, pana kituo ambacho kwa miongo kadhaa kimewafundisha matabibu wa nchi nyingi za Afrika magonjwa ya ngozi. Matabibu hao wanaweza kuwafundisha wauguzi na wauza dawa wa wilaya zao kutofautisha mapunye na mba kwa siku moja ya semina.

Mpaka hayo yatimie, mzazi usisubiri. Mwisho wa juma hili mkalishe mwanao juani, upekue kichwa chake taratibu, na vya nduguze. Ukikuta magamba yenye nywele zilizokatika, usinunue mrija mwingine wa krimu. Jumatatu wapeleke wote kituo cha afya, omba wapimwe uzito, na uliza habari ya dawa ya kumeza.